Pengo la bajeti ya Kenya: kuongeza ushuru, kupunguza matumizi au kukopa?

Kila mwaka, kati ya mwisho wa Aprili na tarehe 30 Juni, Wakenya huulizwa maoni kuhusu Mswada wa Fedha, ule unaopendekeza mabadiliko ya ushuru, na kila mwaka mjadala hugeuka mvutano wa mirengo. Upande wa serikali husema bila ushuru mpya hakuna barabara wala dawa. Upinzani husema ubadhirifu upunguzwe kwanza. Wapo pia wanaosema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba nchi ikope sasa na ilipe uchumi ukikua. Hoja zote tatu zina ukweli, na zote zina gharama ambayo msemaji wake hapendi kuitaja. Hapa tunaziweka bega kwa bega ili ukiandika maoni yako kwa Bunge, au ukipima ahadi za mgombea, ujue unachagua nini na ni nani atakayelipa.

Mwaka 2024 ndio mfano bora, kwa sababu pengo lilelile lilijaribiwa kuzibwa kwa njia zote tatu ndani ya wiki chache. Mswada wa Fedha 2024 ulilenga kuleta takriban shilingi bilioni 346 katika bajeti ya karibu trilioni 4. Mapendekezo ya awali yalikuwa na VAT (ushuru wa ongezeko la thamani) ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa kila mwaka wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Yote mawili yaliondolewa kabla ya kura ya mwisho, lakini hasira ilikuwa imeshajaa. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni na watu wakauawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Tarehe 5 Julai akaeleza hesabu mpya: matumizi yapunguzwe kwa bilioni 177, na bilioni 169 zikopwe. Jumlisha hizo mbili utapata 346 zilezile. Mswada ulianguka, pengo likabaki palepale, na kilichobadilika ni mabega yaliyolibeba.

Vipimo vinne

Kila njia tutaipima kwa maswali manne. Nani hubeba mzigo? Fedha hupatikana lini, na kwa uhakika gani? Hukwama wapi? Ikionekana ni kosa, inarudishwaje nyuma? Swali la kwanza limo ndani ya Katiba yenyewe: Kifungu cha 201 kinataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki, na mzigo na manufaa ya mikopo yagawanywe kwa usawa kati ya kizazi hiki na vijavyo. Anayetetea njia yoyote bila kugusa swali hilo hajamaliza kazi.

Njia ya kwanza: kuongeza ushuru

*Nani hubeba.* Inategemea kabisa ni ushuru gani, na hapa ndipo mijadala mingi hupotea, kwa kuwa watu hubishana kuhusu "ushuru" kana kwamba ni kitu kimoja.

Chukua mwajiriwa wa mshahara wa shilingi 50,000 kwa viwango vya mwaka 2025. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, hukata 3,000, SHIF, bima ya afya ya umma, asilimia 2.75 ambayo ni 1,375, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ambayo ni 750. Tangu 27 Desemba 2024 makato yote matatu hutolewa kabla ya kukokotoa PAYE (ushuru wa mapato unaokatwa kwenye mshahara), kwa hiyo kinachotozwa ni 44,875. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata asilimia 25, na salio asilimia 30. Jumla ni 8,245.85. Toa nafuu ya kila mwezi ya 2,400, PAYE inabaki 5,845.85. Mkononi anapokea 39,029.15. Karibu shilingi 22 katika kila 100 zimeondoka kabla hajanunua chochote, na hawezi kukwepa hata senti kwa sababu mwajiri ndiye anayekata.

VAT humfikia kila mtu. Familia inayotumia 11,600 kwa mwezi kwa bidhaa zenye VAT inalipa 1,600 ndani yake. Kiwango kikipanda kutoka 16 hadi 18, bidhaa zilezile zitagharimu 11,800. Mia mbili hizo ni kitu kidogo kwa anayelipwa laki mbili, ila kwa kibarua ni nauli ya siku mbili tatu. Ndiyo maana unga wa mahindi na mkate wa kawaida umewekwa kwenye kiwango cha sifuri.

Hapo kwenye sifuri pana mtego ambao wengi hawauoni wanaposoma Mswada. Bidhaa ya kiwango cha sifuri na bidhaa iliyosamehewa VAT zote hazionyeshi VAT kwenye risiti, lakini hazilingani. Mtengenezaji akinunua umeme, vifungashio na huduma za usafirishaji kwa shilingi 58 kwa kila pakiti, ndani yake mna VAT ya shilingi 8. Bidhaa yake ikiwa kwenye kiwango cha sifuri, mamlaka ya ushuru, KRA, inamrudishia hizo 8. Ikihamishiwa kwenye orodha ya misamaha, hazirudi, naye atazitia kwenye bei. Kwa hiyo Mswada ukisema bidhaa fulani "itasamehewa VAT", angalia ilikuwa wapi kabla. Kama ilikuwa kwenye sifuri, hilo ni ongezeko la ushuru.

*Fedha hupatikana lini.* Haraka. PAYE ya mwezi hulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, VAT tarehe 20. Uhakika ni mkubwa kwa PAYE na mafuta, ni mdogo kwa kila kitu ambacho mtu anaweza kukihepa.

*Hukwama wapi.* Kwanza, tabia za watu. Tanzania ilipoanzisha tozo za miamala ya simu Julai 2021, ilibidi izipunguze kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo. Uganda ilitoza asilimia 1 ya miamala hiyo Julai 2018, kisha ikashusha hadi asilimia 0.5 na kuiacha kwenye kutoa pesa tu. Watu walikuwa na njia nyingine: noti mkononi. Ushuru wa pombe na sigara nao ukipanda kupita kiasi, biashara hukimbilia kwenye magendo. Pili, mahakama. Mahakama ya Rufaa ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 yote tarehe 31 Julai 2024, na Mahakama ya Juu ikairejesha Oktoba 29. Kwa miezi mitatu mfanyabiashara hakuwa na uhakika ni sheria ipi itakayosimama mwishowe.

Tatu, ushuru usiopitia Mswada. Ada ya matengenezo ya barabara ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita ya mafuta Julai 2024, wiki chache tu baada ya Mswada kuondolewa. Bodaboda anayechoma lita 3 kwa siku aliongezewa shilingi 21 za kila siku, yaani 546 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Ukifuatilia Mswada peke yake, ongezeko kama hilo litakupita.

*Kurudi nyuma.* Inawezekana, tena haraka. Aprili 2020, janga la korona lilipoingia, VAT ilishuka hadi 14 na kiwango cha juu cha PAYE kikashuka kutoka 30 hadi 25. Januari 2021 vilirudi vilipokuwa. Kwa kipimo hiki ushuru ni mwepesi kurekebishwa kuliko deni.

*Inamfaa nani.* Anayetegemea huduma za umma kila siku na ambaye kipato chake hakiguswi sana na ushuru unaopendekezwa. Inamfaa pia anayetaka kizazi hiki kilipie kinachotumia. Haimfai mwajiriwa iwapo kila nyongeza itaangukia payslip yake kwa sababu tu ni rahisi kuifikia.

Njia ya pili: kupunguza matumizi

*Nani hubeba.* Jibu la jukwaani ni "wakubwa". Jibu la vitabu vya bajeti ni tofauti. Riba ya deni, pensheni na mgao wa kaunti ambao Katiba imeuwekea kiwango cha chini cha asilimia 15 ya mapato yaliyokaguliwa havikatwi kwa tangazo. Mishahara nayo ina mikataba. Kinachobaki ni miradi ya maendeleo na fedha za uendeshaji wa wizara, na humo ndimo shoka huangukia.

Tazama shule ya sekondari. Kiwango rasmi cha serikali kwa mwanafunzi ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba hali ya fedha inaruhusu 16,900 tu. Tofauti ni 5,344. Shule ya wanafunzi 800 inakosa 4,275,200 kwa mwaka, na mwalimu mkuu ana mahali pachache pa kuzitafuta: chakula, mishahara ya wafanyakazi walioajiriwa na bodi, au mfuko wa mzazi. Huo ni upunguzaji wa matumizi, na aliyeubeba hakuwahi kupanda ndege kwa gharama ya umma.

Hospitalini ilikuwa vivyo hivyo. Mzozo wa malipo ya madaktari wanagenzi, serikali ikitaka kulipa 70,000 badala ya 206,000 za mkataba wa 2017, ulikuwa kiini cha mgomo wa siku 56 mwaka 2024.

*Fedha hupatikana lini.* Hapa hatuna budi kutofautisha kukata kwa kweli na kuchelewesha malipo. Kusitisha ununuzi wa magari, safari zisizo za lazima na kupunguza washauri, kama ilivyotangazwa Julai 2024, kunaweza kuanza leo, ila kiasi chake ni kidogo kikilinganishwa na bilioni 177. Kuvunja mashirika ya serikali 47 yenye majukumu yanayogongana, ambako kulitangazwa siku hiyohiyo, kunahitaji sheria zibadilishwe, wafanyakazi wahamishwe au walipwe, na madeni ya shirika yapate mrithi. Akiba huja baada ya miaka, wakati gharama huja mwaka wa kwanza.

*Hukwama wapi.* Njia ya mkato ya wizara ni kutolipa. Mwanakandarasi ameshamaliza kazi, ankara ipo, fedha hazitoki. Kwenye takwimu nakisi, yaani pengo la bajeti, imepungua. Mtaani, mkopo wa mwanakandarasi umekwama benki, vibarua hawajalipwa, na madeni hayo yatarudi bajeti ijayo yakiwa na riba. Mianya pia ipo ndani ya sheria. Kifungu cha 223 kinaruhusu serikali kutumia fedha ambazo Bunge halijaidhinisha, hadi asilimia 10 ya kiasi kilichoidhinishwa, mradi iombe idhini ndani ya miezi miwili. Kilichokatwa Julai kinaweza kurudi kwa mlango wa bajeti ya ziada.

Ukitaka kujua kama kukata ni kwa kweli, usisome hotuba. Chukua makadirio ya Juni, bajeti ya ziada, na ripoti ya Msimamizi wa Bajeti ya robo mwaka. Linganisha mistari ileile: safari za nje, ukarimu, mafunzo, mafuta na matengenezo ya magari. Kisha angalia malimbikizo ya madeni ya wizara hiyo. Matumizi yakishuka huku madeni yakipanda, hakuna kilichookolewa.

*Kurudi nyuma.* Kwenye karatasi ni rahisi. Mashinani si rahisi: barabara iliyoachwa nusu huanza upya kwa bei mpya, na mwanafunzi aliyeacha shule harudi kwa sababu mgao umerejeshwa.

*Inamfaa nani.* Anayelipa ushuru mwingi na kupata huduma nyingi kwa watu binafsi, na yeyote anayeamini kwamba serikali haitajirekebisha ikiendelea kupewa. Haiwafai wanaoiuzia serikali bidhaa, wala familia zenye mtoto katika shule ya umma, isipokuwa orodha ya vitakavyokatwa iwe wazi tangu mwanzo.

Njia ya tatu: kukopa

*Nani hubeba.* Leo karibu hakuna anayehisi, na hilo ndilo linaloifanya ipendwe na kila serikali. Lakini bilioni 100 zilizokopwa kwa riba ya asilimia 16 hudai bilioni 16 kila mwaka kabla deni lenyewe halijapungua hata shilingi moja. Mzigo unahamia kwa walipa ushuru wa kesho na, kupitia riba, kwa wafanyabiashara wa leo.

*Fedha hupatikana lini.* Mnada wa hati za hazina (mikopo ya muda mfupi ya serikali) huingiza fedha ndani ya siku chache. Soko la nje hutegemea hali ya wakati huo. Kenya ilikopa dola bilioni 2 kwa Eurobond (hatifungani inayouzwa kwa wawekezaji wa nje) ya miaka 10 mwaka 2014 kwa riba ya asilimia 6.875. Ilipaswa kulipwa Juni 2024, kwa hiyo Februari mwaka huo serikali iliingia tena sokoni na kuchukua dola bilioni 1.5 za kulipia sehemu kubwa ya ile ya kwanza, safari hii wawekezaji wakidai mapato ya asilimia 10.375. Deni halikuisha. Lilibadilishwa kwa lingine ghali zaidi.

*Hukwama wapi.* Deni la nje lina hatari ya sarafu. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, kufikia katikati ya mwaka ikawa karibu 130. Malipo ya dola milioni 100 yalishuka kutoka bilioni 16 hadi 13 bila mtu kufanya lolote. Shilingi ikianguka tena, hesabu hiyohiyo hugeuka upande wa pili.

Deni la ndani halina hatari hiyo, ila hushindana na mkopo wako. Februari 2024 serikali ilitoa hatifungani ya miundombinu (mkopo wa muda mrefu unaouzwa kwa benki na watu binafsi) kwa riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa ushuru. Aliyeweka 100,000 aliahidiwa takriban 18,460 kwa mwaka bila jasho. Benki ikiweza kupata hivyo kutoka kwa serikali, itamkopesha mwenye duka la vipuri kwa ngapi? Wengi walijibiwa "hapana" tu.

Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka kukopa, kwa kipindi cha wastani, kuwe kwa maendeleo na si kwa matumizi ya kawaida. Swali la kumuuliza anayetaka kukopa ni hilo: fedha hizi zitajenga nini kitakacholeta mapato ya kulipia? Kama ni mishahara au riba ya deni jingine, jibu limeshapatikana.

*Kurudi nyuma.* Ni ngumu kuliko zote. Malipo ya deni hutoka kwanza kwenye mfuko mkuu, shule na hospitali zikisubiri. Na wakopeshaji huangalia: Julai 2024, siku chache baada ya mpango mpya kutangazwa, Moody's, kampuni inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, iliishusha Kenya hadi Caa1, daraja la hatari kubwa, ikitaja uwezo uliopungua wa kuongeza mapato.

*Inamfaa nani.* Nchi iliyopigwa na ukame, janga au mdororo, ambako kuongeza ushuru kungeua biashara zilizobaki. Inafaa pia kwa mradi wa miaka 30 ambao si haki ulipiwe na watu wa mwaka mmoja. Mwenye akiba ya kununua hatifungani kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu, hupata faida. Kijana anayetafuta mtaji mara nyingi hupata hasara.

Hoja za mirengo, na jinsi ya kuzipima

Msimamo wa chama kuhusu ushuru mara nyingi hufuata kiti kinachokaliwa. VAT ya mafuta ilianza kwa asilimia 16 Septemba 2018 wakati wa Uhuru Kenyatta, ikashushwa hadi 8 mwezi huohuo baada ya kelele. Serikali ya Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, iliyoingia kwa kauli ya kumwinua mtu wa chini, iliondoa ruzuku ya petroli Septemba 2022, lita ikafika 179.30 Nairobi, kisha ikapandisha VAT ya mafuta hadi 16 mwaka 2023. Mbadi alikuwa mwenyekiti wa ODM, chama kilichopinga mengi ya hayo, kabla ya kuwa Waziri wa Fedha Agosti 2024. Hesabu za Hazina hazijui chama, na aliyeketi mbele yake hulazimika kuzisoma zilivyo.

Kwa hiyo, mwanasiasa wa mrengo wowote akikuletea suluhisho, mdai kiasi kwa shilingi, mstari wa bajeti au kifungu cha sheria kitakachoguswa, na mwezi ambao fedha zitaonekana. "Tutaziba mianya" isiyo na mambo hayo matatu si mpango. Hazina huchapisha ripoti ya kila mwaka ya misamaha ya ushuru; mwambie akuonyeshe ni msamaha upi humo ataufuta.

Kulingana na hali yako

Ikiwa umeajiriwa na payslip yako ndiyo kila kitu, tazama kwanza viwango vya PAYE na makato yanayoruhusiwa kutolewa, halafu VAT. Kwako ni afadhali ushuru unaopanua idadi ya walipaji kuliko unaoongeza asilimia kwa walewale. Unaweza kuunga mkono kukatwa kwa matumizi, ila taja mistari unayotaka ikatwe, la sivyo utaokolewa kwenye mshahara na kutozwa shuleni.

Mfanyabiashara mdogo anayetegemea mkopo ana sababu ya kuogopa deni la ndani kuliko VAT. Aangalie bajeti imepanga kukopa kiasi gani ndani ya nchi, kwani namba hiyo hugusa riba yake kabla ya ushuru wowote.

Kwa mwanakandarasi au mwenye kuiuzia serikali bidhaa, jambo la kwanza ni ratiba ya kulipa malimbikizo. Bajeti kubwa isiyo na fedha ni mbaya kwake kuliko bajeti ndogo inayolipa.

Familia inayotegemea zahanati na shule ya umma, iwe Turkana au Kwale, isome makadirio ya wizara husika na ya kaunti yake kabla ya Mswada wa Fedha. Huko ndiko kukatwa huanzia, na huko wasemaji ni wachache.

Ukiwa na akiba na mshahara wa kutosha, njia zote tatu unaweza kuzimudu. Basi pima kwa Kifungu cha 201: ukipinga ushuru na pia unakula riba ya hatifungani, aliyebaki kulipa ni nani?

Na kama wakati ni wa ukame au mafuriko, kukopa kwa masharti nafuu kwa mwaka mmoja au miwili kuna hoja nzuri, mradi tarehe ya kuacha iandikwe. Wakati uchumi unakua na mvua ni nzuri, hoja hiyo hudhoofika, na ndipo ushuru au kukata kunapouma kidogo zaidi.

Maoni yako yaelekeze kwa Karani wa Bunge la Kitaifa kabla ya siku ya mwisho iliyotajwa kwenye tangazo la magazeti. Andika namba ya kifungu cha Mswada, maneno unayotaka yabadilishwe, maneno mapya unayopendekeza, sababu kwa sentensi mbili tatu, na mfano mmoja wa hesabu kutoka kwenye biashara au payslip yako. Ukitaka kifungu kifutwe, ongeza mstari mmoja unaosema fedha hizo zitatoka wapi badala yake. Kamati hupokea maelfu ya "tunakataa", na mstari huo mmoja ndio unaowapa wabunge kitu cha kuingiza kwenye ripoti yao.